Fedha za Kuokota Mjini Bukavu

Fedha zilizopotea ni mali yenye mwenyewe asiyeonekana. Aliyeziokota hajawa mwenyewe, na aliyezipoteza hajaacha kuwa mwenyewe; wawili hao hawajuani, na mara nyingi kila mmoja ana haja ya noti hizohizo. Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, hali hiyo huwakuta watu wa kila aina: motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayeona bahasha imebaki kwenye kiti baada ya abiria kushuka, muuza samaki wa sambaza wa soko la Kadutu aliyelipwa noti moja ya ziada, au mwanafunzi anayeletewa na simu yake ujumbe wa dola asizozitarajia.

Jambo hili huzungumzwa kana kwamba ni la moyo tu: mwaminifu hurudisha, mlafi hukaa nazo. Moyo una sehemu yake. Lakini wengi wanaotaka kurudisha hukwamia mbele kidogo, penye maswali ya utendaji: zirudishwe kwa nani, kupitia wapi, mbele ya mashahidi gani, na kwa namna gani ili mwokotaji asigeuzwe mwizi wala asitapeliwe na mwenyewe wa uongo. Sheria, dini na majirani hukubaliana kwamba fedha zirudi. Kinachotofautiana kati ya mji na mji ni ubora wa njia ya kuzirudisha.

Aina nne za fedha za mwingine

Si kila fedha iliyoangukia mikononi mwa mtu ni ya namna moja, na wajibu hubadilika kulingana na jinsi ilivyofika.

Ya kwanza ni iliyodondoka: noti barabarani, kifurushi kilichochomoka mfukoni, fundo la kitenge lililofunguka sokoni. Mwenyewe hajui ilipoangukia, na anaweza asijue kabisa kwamba imeanguka mpaka afike nyumbani.

Ya pili ni iliyosahauliwa. Hii imeachwa mahali panapojulikana: ndani ya teksi, kwenye benchi la kanisa, juu ya kaunta ya duka la dawa, katika mtumbwi wa kisiwa cha Idjwi au meli ya Goma. Mwenyewe ana uwezekano wa kurudi palepale kuulizia, kwa hiyo mwenye mahali hapo anakuwa kama mtunzaji hata kabla ya kuombwa.

Ya tatu ni iliyotolewa kwa makosa. Kambisti, yaani mbadilisha fedha, amehesabu vibaya, mwenye duka amerudisha chenji kubwa kuliko inavyostahili, au mtu amekosea tarakimu moja ya namba ya simu. Hapa hakuna aliyeokota chochote. Fedha zimekabidhiwa mkononi, na ndiyo maana wengi hujidanganya kwamba kosa ni la mtoaji na faida ni ya mpokeaji.

Ya nne ni mali iliyoachwa katika vurugu. Katikati ya Februari 2025 jeshi la serikali lilipoondoka Bukavu, kabla ya waasi wa AFC/M23 kuushika mji tarehe 16, maghala na maduka mengi yaliporwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, PAM, lilitangaza kwamba tani zipatazo 7,000 za chakula chake zilichukuliwa. Wako waliobeba unga wakisema wamekuta mlango wazi. Mlango kuwa wazi haukuifanya mali ile kuwa imepotea, kwa kuwa mwenyewe alijulikana na jina lake lilichapwa kwenye kila gunia. Kitu kilichopotea kina mwenyewe asiyejulikana. Kilichokimbiwa kwa hofu kina mwenyewe anayejulikana ambaye hawezi kukilinda kwa saa hiyo. Kukichukua ni kupora, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo.

Kwa nini fedha hudondoka

Bukavu huishi kwa noti. Dola ya Marekani hutumika kwa kodi ya nyumba, karo, saruji na pikipiki. Faranga ya Kongo kwa soko na usafiri. Na kwa wanaovuka mpaka wa Ruzizi kwenda Kamembe, faranga ya Rwanda huongezeka. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuwa na sarafu tatu mwilini kwa siku moja, kila moja mahali pake.

Noti za faranga ni nyingi kwa thamani ndogo. Mwaka 2024 dola moja ilibadilishwa kwa faranga zipatazo 2,800, hivyo mwenye kubadili dola 100 aliondoka na faranga 280,000, yaani noti 56 za 5,000. Bunda hilo haliingii kirahisi katika pochi. Hufungwa kwa mpira, hutiwa kwenye sashe ya plastiki, au hufundikwa katika ncha ya kitenge. Dola nazo zina tabu yake. Noti iliyochanika kidogo hukataliwa au hupunguzwa thamani, kwa hiyo watu huzilaza katika bahasha au kati ya kurasa za daftari ili zisikunjike. Bahasha na daftari ni vitu vyepesi kusahaulika.

Mji wenyewe huchangia. Umejengwa kwenye vilima na rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, kwa kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na pikipiki ndiyo inayopanda mahali ambapo gari dogo hushindwa. Safari ya kutoka Nyawera hadi Essence au Panzi, juu ya mashimo na katikati ya msongamano, inatosha kuchomoa kitu mfukoni bila mtu kuhisi.

Mwaka 2025 hatari hiyo ilizidi. Mji ulipochukuliwa, benki zilifunga milango, na akiba zilizokuwa ndani hazikuweza kutolewa hapo mjini. Watu wakategemea simu, mawakala na fedha taslimu zilizofichwa nyumbani, kwenye nyumba ambazo nyingi ni za mbao na ambazo moto wa mtaa mmoja huteketeza kwa makumi. Pale noti inapokuwa adimu, kila noti iliyopotea huuma zaidi, na kila noti iliyookotwa hushawishi zaidi.

Sheria ya Kongo

Kanuni ya adhabu ya Kongo, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, haikuliacha jambo hili kwa dhamiri ya mtu. Katika sehemu ya makosa dhidi ya mali, pamoja na wizi, matumizi mabaya ya amana na kupokea vitu vya wizi, limo kosa la kuficha kwa hila kitu cha mwingine kilichookotwa au kilichoangukia mikononi kwa bahati. Kuokota kwenyewe si kosa. Kosa huanza pale mwokotaji anapokificha, anapokana kwamba anacho, au anapokipitisha kwa mtu mwingine akijua kwamba kina mwenyewe.

Tofauti na wizi iko katika mwanzo wa tendo. Mwizi huanza kwa kuchukua; mfichaji huanza kwa bahati, kisha huamua. Kwa sababu hiyo mwenendo wa siku zinazofuata ndio unaohukumiwa: je, aliuliza, alitangaza, aliwaambia watu? Au alihama njia, akabadili dola haraka na kununua simu mpya?

Fedha zilizotolewa kwa makosa zina kanuni yake katika sheria ya mikataba na madeni, ambayo Kongo inaitumia tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Anayepokea asichostahili, ajue au asijue kwamba kuna kosa, ana wajibu wa kukirudisha. Hivyo chenji iliyozidi ni deni. Sheria hiyohiyo humlinda pia mtu anayeshughulikia jambo la mwenziwe bila kutumwa: gharama za lazima na zenye manufaa alizotoa anaweza kurudishiwa. Mwokotaji aliyelipia tangazo la redio au nauli ya kwenda kumtafuta mwenyewe haombi hisani anapotaka gharama hizo.

Mafundisho ya dini

Wakazi wengi wa Bukavu ni Wakatoliki, wakifuatiwa na Waprotestanti wa makanisa mbalimbali, pamoja na jamii ndogo ya Waislamu. Katika suala hili dini hizo husimama karibu sana.

Biblia, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamkataza mtu kujifanya hakumwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yake aliyepotea. Ikiwa mwenyewe yuko mbali au hajulikani, mnyama apelekwe nyumbani na kutunzwa mpaka atakapoulizwa, na vivyo hivyo nguo na kila kitu kilichopotea. Walawi sura ya 6 inamgusa aliyeokota kisha akakana kwa kiapo: arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika aya ya 2409, inakutaja kukaa kwa makusudi na kitu kilichopotea miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba, ile ya kutoiba.

Uislamu umeingia zaidi katika utaratibu. Kwa mapokeo yanayotoka kwa sahaba Zaid bin Khalid al-Juhani, Mtume alipoulizwa juu ya kitu cha kuokota aliagiza mwokotaji akijue chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze kwa mwaka mmoja. Mwenyewe akija na kukieleza sawasawa, apewe. Asipokuja, mwokotaji anaweza kukitumia, lakini kwa wanazuoni wengi hubaki na deni iwapo mwenyewe atatokea baadaye. Vitu vidogo mno, mfano wa tende moja njiani, havina masharti hayo. Hapo pana hekima mbili za kiutendaji: tangazo liwe na muda maalumu, na alama za kitu zibaki siri ili zitumike kumpima anayedai.

Msimamo huohuo umo katika msemo wa Kiswahili kwamba cha mtu mavi. Mali ya mwenzio haitamanishi, na anayeigusa hujichafua.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa la watafiti wanne. Pochi zaidi ya 17,000 zilipelekwa kwenye kaunta za benki, hoteli, posta, majumba ya sanaa na ofisi za umma katika miji 355 ya nchi 40, zikiwamo Kenya, Ghana, Moroko na Afrika Kusini. Kongo haikuwamo. Aliyezileta alisema amezikuta barabarani, akaondoka. Kila pochi ilikuwa na kadi zenye jina na anwani ya mwenyewe, orodha ya manunuzi na, katika nyingi, ufunguo. Nyingine hazikuwa na fedha, nyingine zilikuwa na kiasi cha dola 13 hivi.

Watafiti na watu wa kawaida waliohojiwa walitazamia kwamba fedha zikiongezeka, uaminifu utapungua. Ikawa kinyume. Wapokeaji wapatao asilimia 40 waliandika kumtafuta mwenyewe pochi ilipokuwa haina fedha, na asilimia 51 ilipokuwa nazo. Katika nchi tatu zilizojaribiwa kwa dola 94 hivi, yaani Marekani, Uingereza na Poland, kiwango kilifika asilimia 72. Pochi yenye ufunguo ilirudishwa zaidi ya isiyo na ufunguo, ingawa ufunguo haumsaidii mwokotaji kwa lolote. Una maana kwa mwenyewe peke yake.

Maelezo yao yalikuwa mawili. Watu huona huruma kwa aliyepoteza, na hawapendi kujiona wezi. Kadiri fedha zinavyozidi, ndivyo kukaa nazo kunavyofanana zaidi na wizi machoni pa mwenye kukaa nazo.

Kuyaleta matokeo hayo Bukavu kunahitaji tahadhari moja kubwa. Pochi za watafiti zilikuwa na anwani ndani yake. Kurudisha kulihitaji ujumbe mmoja tu. Sashe yenye noti za faranga iliyodondoka karibu na soko la Nyawera haina jina la mtu. Jaribio lile lilipima nia mahali ambapo njia ilikuwa imeshatengenezwa. Hata hivyo funzo la ufunguo linafaa hapa. Mkongomani huitumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho chake, na kupata nyingine ni kazi. Pochi iliyo na kadi hiyo, karatasi za pikipiki au cheti cha mtoto ina sura ya mtu ndani yake, na huvuta huruma kuliko noti tupu.

Vikwazo vya mwokotaji

Cha kwanza ni uhitaji. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2024, zaidi ya Wakongomani saba katika kumi waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Dola 50 zilizookotwa ni kodi ya mwezi, karo ya muhula au mtaji wa kuanza kuuza makaa. Pia kuna mazoea ya muda mrefu ya kile ambacho nchi nzima inakiita kwa utani Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitegemee na kujipenyeza atakavyoweza, kwa sababu serikali haitamsaidia. Mtu aliyelelewa katika mazoea hayo huweza kuambiwa na ndugu zake mwenyewe kwamba kurudisha ni ujinga.

Cha pili ni hofu ya kuitwa mwizi. Bukavu imeona mara nyingi umati ukimpiga, hata kumchoma moto, mtu aliyeshukiwa wizi. Kijana wa mtaani, mmoja wa wale ambao mji huwaita maibobo, akijitokeza na mkoba wa mama fulani, swali la kwanza atakaloulizwa linaweza kuwa aliupataje. Ikiwa noti zimepungua kabla hajaukuta, upungufu huo huwekwa shingoni mwake. Wapo wanaouacha mkoba ulipo kwa hesabu hiyo tu.

Cha tatu ni kutoamini ofisi. Mahali pengine jibu ni rahisi: peleka polisi, upewe risiti. Lakini mahali ambapo askari hulipwa kidogo, na kwa Bukavu ya tangu 2025 ambako utawala wa mji umebadilika mikono, mwokotaji hana hakika kwamba fedha alizozikabidhi zitamfikia mwenyewe, au kwamba yeye hatashikwa kuhojiwa.

Cha nne ni utapeli. Mbinu moja inajulikana katika miji mingi ya Afrika: mtu anaangusha bunda mbele ya mpita njia, mwenziwe anajifanya wameliona pamoja na kupendekeza wagawane uchochoroni, huko mpita njia huporwa, au hukabidhiwa karatasi zilizofunikwa na noti moja juu. Wengine hudhani kwamba fedha iliyo chini imewekewa dawa, na huiruka. Hofu zote mbili zina matokeo yaleyale, kwani fedha halali ya mtu hubaki njiani kwa atakayeichukua bila kujiuliza.

Njia ambazo mji umejitengenezea

Penye ofisi dhaifu, watu hutafuta wasimamizi wanaowaamini. Bukavu inao wa aina kadhaa.

Redio ndiyo yenye sauti ya mbali zaidi. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1993, na vituo vingine vya mji husikika katika komuni za Ibanda, Kadutu na Bagira na vijijini, na kipindi cha matangazo na komunike ni mahali ambapo watu wamezoea kusikia habari za mtoto aliyepotea, karatasi zilizookotwa na misiba. Tangazo zuri husema kilichookotwa kwa jumla na mahali, na hunyamazia kiasi, aina ya noti na chombo. Ni kanuni ileile ya chombo na kamba: mwenye kudai ndiye ataje.

Kanisa na msikiti hufaa pale fedha zilipopotea jirani. Tangazo la Jumapili baada ya misa, au la Ijumaa baada ya sala, huwafikia watu wanaofahamiana, na paroko au imamu ana heshima ya kumfanya mwongo asite. Shefu wa avenyu na mkubwa wa nyumba kumi huwa na manufaa ya namna nyingine, kwa vile wanawajua wakazi kwa majina na wanaweza kushuhudia makabidhiano.

Wamotari na madereva wana kijiwe. Abiria anayegundua amesahau mkoba kwa kawaida hurudi alipopandia na kuulizia, na wenzake wa motari humtambua kwa nguo au pikipiki. Kijiwe chenye kiongozi anayepokea vitu vilivyosahauliwa na kuviandika hujipatia sifa, na sifa hiyo ni biashara: mama mwenye mzigo wa thamani huchagua kupandia pale.

Namna ya kukabidhi ina uzito kuliko mahali pa kukabidhia. Vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinavyojulikana Kivu kwa jina la AVEC, vimeonyesha mfano: sanduku lina kufuli tatu zenye funguo mikononi mwa watu tofauti, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama wote. Mwokotaji hufuata mantiki hiyo anapohesabu mbele ya mashahidi wawili au watatu mara tu anapookota, kuandika kiasi na saa, kuzikabidhi mbele ya mashahidi haohao na kupata sahihi ya aliyepokea. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi hiyo ndiyo humkinga dhidi ya anayesema baadaye kwamba kulikuwa na dola zaidi.

Fedha zilizokosea namba

M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na sasa hutumika bega kwa bega na Airtel Money na Orange Money. Akaunti huweza kuwa ya faranga na ya dola, kwa hiyo kosa linaweza kuwa la tarakimu ya namba au la sarafu: aliyekusudia faranga 100 akajikuta ametuma dola 100.

Kwa mpokeaji mambo matatu huenda kwa mpangilio. Kwanza ni kuangalia salio lenyewe, wala si ujumbe, kwa sababu matapeli hutunga ujumbe unaofanana na wa kampuni, kisha hupiga simu wakilia kwamba wamekosea na kuomba warudishiwe. Anayerudisha kwa huruma bila kutazama salio hutoa fedha zake mwenyewe. Pili ni kutozigusa fedha ikiwa kweli zimeingia. Tatu ni kurudisha kupitia huduma ya wateja ya kampuni, ili muamala ufutwe na uende kwa akaunti ileile iliyotuma. Kurudisha kwa namba nyingine iliyotajwa kwenye simu ni hatari, hata kama mpigaji ana maelezo mengi.

Kwa mtumaji, haraka ndiyo msingi. Fedha zikishatolewa kwa wakala, kampuni haina cha kuzuia, na linabaki deni kati ya watu wawili. Nchini Kenya, Safaricom iliweka huduma ya Hakikisha inayoonyesha jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, na mtumaji akiona jina geni husitisha. Kinga kama hiyo huuzuia mtihani wa uaminifu usitokee.

Matabishi ya mwokotaji

Je, anayerudisha alipwe? Nchini Japani sheria humpa mwokotaji haki ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani, na mwenyewe asipotokea kwa miezi mitatu, kitu huwa cha mwokotaji. Huko vituo vidogo vya polisi viko kila mtaa, na kupeleka kitu kilichookotwa ni tendo la dakika chache.

Bukavu suala hili huachwa kwa desturi ya matabishi, zawadi ya shukrani ambayo kiasi chake hupangwa na mtoaji. Inafaa inapotolewa baada ya fedha kurudi. Mwokotaji anayeweka sharti la kulipwa kwanza hugeuza mali ya mwenziwe kuwa rehani, na hapo hukaribia lile kosa la kuficha. Mwenyewe naye anayepokea dola 500 na kuondoka bila hata neno la asante hufundisha mtaa mzima somo baya.

Mfano uliosikika Afrika nzima ulitoka Liberia mwaka 2021. Kijana wa miaka 18 aliyeendesha pikipiki ya abiria aliokota barabarani mfuko wa plastiki wenye dola zipatazo 50,000, akampa shangazi yake autunze. Mwenyewe, mama mfanyabiashara, alipolilia fedha zake redioni, kijana alijitokeza na kuzirudisha. Wapo waliomcheka kwamba atakufa maskini. Mwenyewe alimpa zawadi, na Rais George Weah akampa dola 10,000, pikipiki na nafasi ya kurudi shule. Kwa Bukavu, chenye manufaa zaidi katika kisa hicho ni hatua zake: mtu mzima wa kuaminika aliyetunza, redio iliyounganisha, na makabidhiano ya hadharani. Zawadi ya rais haiwezi kutarajiwa na kila mtu, lakini hatua hizo tatu zinapatikana Kadutu na Panzi.

Kuna pia uaminifu ambao haukulipwa kwa fedha. Floribert Bwana Chui, kijana wa Kivu aliyefanya kazi Goma katika ofisi ya kukagua bidhaa, alikataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika, akauawa mwaka 2007. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Fedha alizozikataa hazikuwa za kuokota, lakini jambo lililokuwa mbele yake ni lilelile la kila mwokotaji: fedha zimo mkononi, mtu wa kuumia hayupo machoni, na maisha ni magumu.

Mwenyewe asipopatikana

Hubaki fedha ambazo mwenyewe hakutokea licha ya matangazo. Kiasi kidogo sana, kama noti ya faranga 500 kwenye matope ya soko, hakina njia ya kutafutiwa mwenyewe, na gharama ya tangazo ingezidi thamani yake. Kiasi kikubwa huhitaji muda unaojulikana na watu wengine, si mwokotaji peke yake. Waislamu wana mwaka mmoja. Kwa wengine hakuna muda uliopangwa na dini, na busara ni kukubaliana na mashahidi waliokuwapo siku ya kuhesabu.

Muda huo ukiisha, desturi mbili hufuatwa. Moja ni kuzitoa kwa maskini au kwa kanisa au msikiti kwa niaba ya mwenyewe, nyingine ni kuzitumia kwa nia ya kulipa iwapo atajitokeza. Kwa zote mbili karatasi ya hesabu huhifadhiwa. Anayeweza kuonyesha siku aliyookota, kiasi kilichokuwamo, mashahidi waliokiona na mahali alikotangaza ana jibu la kumpa mwenyewe hata akija baada ya miaka, na ana jibu la kumpa hakimu pia.